Kitabu cha Hali Shwari

Kwa miaka thelathini na mmoja mzee huyu alilinda lango, na kwa miaka yote hiyo lango halikumfanyia ubaya wowote. Wenzake walimwita Shwari, na jina lilimkaa vizuri kuliko sare ya kampuni, maana sare ilimpwaya mabegani tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Jina hilo lilitoka kitabuni. Kila lango lenye mlinzi lina kitabu, kila kitabu kina mistari, na kwenye kila mstari mlinzi anatakiwa aandike saa, hali aliyoiona, kisha atie sahihi. Saa moja, hali shwari. Saa mbili, hali shwari. Mara kumi na mbili kwa zamu, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka mkono unaandika wenyewe huku macho yapo kwingine.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wakubwa wa kampuni za ulinzi hujifanya hawalijui, ingawa wengi wao walianzia langoni. Hakuna mlinzi anayeandika saa kwa saa. Akiingia zamu, kitu cha kwanza ni kukaa kibandani, kuvuta kitabu na kujaza mistari yote kumi na miwili kwa mkupuo mmoja, hadi saa ya kutoka. Kisha anakifunga na kufanya kazi. Msimamizi akipita na pikipiki yake saa tatu asubuhi, anakuta kitabu kimeshasema kwamba saa kumi jioni hali ilikuwa shwari. Anaweka alama ya vema pembeni na kwenda zake. Utaratibu huo haujaandikwa popote. Wazee huwapokeza vijana, na nusu ya walinzi wa mji ule walipokezwa na Shwari mwenyewe, tena kwa majigambo.

"Kitabu ni cha wakubwa," alikuwa akiwaambia wapya. "Lango ndilo lako. Ukikodolea kitabu, nani atakodolea lango?"

Na kusema kweli hakuwa mvivu. Lango lake lilikuwa la jengo la vitambulisho, ghorofa sita za watu wenye bahasha kwapani, waliopanga foleni kabla jua halijachomoza ili wakaambiwe saa nane kwamba karatasi moja imepungua. Yeye alishika zamu ya usiku. Zamu ya mchana, kwa miaka mitatu ya mwisho, ilishikwa na mwanawe wa pekee, ambaye alimwombea kazi yeye mwenyewe, akaenda ofisini kwa kampuni mara nne, kofia mkononi, mpaka wakamchoka wakamkubalia.

Kijana huyo walinzi walimwita Kalamu. Kalamu haikumtoka sikioni. Aliandika kila kitu: namba za magari, fundi aliyekuja kuziba bomba na saa aliyoondoka, hata paka aliyezaa nyuma ya kibanda aliingizwa kitabuni pamoja na hesabu ya watoto wake. Walinzi walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Baba alicheka pia, lakini moyoni alikuwa na wasiwasi, kwa sababu mlinzi anayeandika sana huwaonyesha wenzake kuwa hawaandiki.

Walikutana kila siku alfajiri, mmoja akitoka na mwingine akiingia, wakapata robo saa ya chai ya chupa na ubishi. Ubishi ulikuwa uleule.

"Baba, nikijaza mistari yote sasa hivi, halafu nikaona kitu saa nne, nitaandika wapi?"

"Ukiona kitu hutakuwa na muda wa kuandika. Utakuwa unakimbia."

Walicheka wote wawili. Shwari aliipenda sana ile kauli yake, akawa anairudia kwa watu.

Kisha mke wa Kalamu akajifungua mtoto wa kike, na Kalamu akapewa siku tatu za kukaa nyumbani. Katika siku hizo tatu kitabu cha zamani kiliisha kikaletwa kipya, na Shwari akakivika karatasi ya kaki kama daftari la mtoto wa shule, kama alivyovivika vyote. Siku ya nne Kalamu alirudi kazini. Alifika macho mekundu, shati amelifunga vifungo mshazari, akitabasamu peke yake.

"Hajalala?" baba aliuliza.

"Nani alale? Ule si mtoto, ni king'ora."

"Kama wewe. Mama yako alikuwa anakupakata huku anasinzia, mimi namshikilia asije akakudondosha." Shwari alimrekebisha mwanawe vifungo vya shati, kimoja kimoja. "Kaa unywe chai. Leo kitabu nimekujazia."

Alikuwa amekwisha kumjazia kweli. Mistari yote kumi na miwili, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, hali shwari, na kwenye nafasi ya sahihi herufi mbili za kwanza za majina ya mwanawe, ambazo yeye ndiye aliyemfundisha kuziandika mezani nyumbani, akimshika mkono. Kalamu alikitazama kitabu, akataka kusema neno, akapiga mwayo badala yake.

"Haya, Baba. Asante."

"Angalia lango tu," alisema Shwari, akachukua chupa yake ya chai na kwenda kulala.

Alilala usingizi mzito. Saa nne na dakika nane asubuhi madirisha ya nyumba yake yalitikisika, naye alikuwa mbali na jengo mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mkewe alidhani ni mitambo ya barabara. Yeye alikaa kitandani, akatafuta viatu, na kabla hajaambiwa na mtu yeyote alikuwa anasema, "Lango, lango."

Watu hamsini na saba walikufa pale. Gari la mizigo lililojaa mabomu lilivunja kizuizi na kulipuka kwenye foleni, mbele ya mlango mkuu. Waliolituma walijitangaza jioni ileile, wakasema walichosema, na mimi sitawapa hata robo mstari hapa, maana wao hawakukosa mahali pa kuandikwa. Kalamu alipatikana hatua ishirini mbele ya kizuizi, upande wa nje, upande ambao gari lilitokea. Hilo peke yake lingetosha kueleza mambo, lau kungekuwa na mtu wa kuuliza. Walimzika siku ya tatu. Mtoto wake alikuwa na siku saba.

Serikali iliunda tume. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mama mmoja mpole wa sauti na mkali wa maswali, na chini yake wajumbe wanne, na wakili wa tume wa kuhoji mashahidi. Walipewa ukumbi wa chuo, meza ndefu, maji ya chupa, na hadidu za rejea kurasa tano: ilikuwaje shambulio likatokea, nani alijua nini, na usalama wa nchi ufumwe upya vipi. Miezi minne baadaye wakatoa taarifa ya awali. Wakubwa wote mle walikuwa na "changamoto za mawasiliano". Idara hii haikuisikia idara ile, idara ile ilikuwa na barua ambayo haikumfikia mhusika. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na kosa lenye mikono na miguu: mlinzi wa lango, marehemu, ambaye "alighushi kumbukumbu za zamu na hakuwa makini kazini". Lawama humwangukia asiyeweza kujibu, na maiti habishi.

Kesho yake gazeti lilichapa picha ya ukurasa wa kitabu, umeungua pembeni. Saa nne, hali shwari. Saa tano, hali shwari. Saa sita, hali shwari. Juu yake kwa herufi kubwa waliandika: MAREHEMU ASEMA HALI SHWARI. Siku mbili hazikupita mji mzima ukawa na msemo mpya. Umeme ukikatika, mtu anasema hali shwari. Basi likiharibika, hali shwari, wenzake wanaangua kicheko.

Shwari alilinunua gazeti lile kwa muuza magazeti wa kituoni, akalifungua akiwa amesimama palepale. Aliutambua mwandiko kabla hajasoma neno. Ile "sh" yake, ambayo mkia wake anaurudisha chini kama ndoana. Kwenye kitabu kile kipya hapakuwa na hata herufi moja ya mwanawe, kwa sababu mwanawe ndio kwanza alikuwa amerudi. Ukurasa mzima ulikuwa wake. Mwanawe ametukanwa nchi nzima kwa mkono wa baba yake, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye na Mungu. Alilikunja gazeti mara nne, akalitia mfukoni, akasahau kupokea chenji.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini huu ulikuwa na kitu kingine ndani yake ambacho hakuwa na jina la kukiita. Akanyamaza. Alinyamaza mwezi wa kwanza akijiambia kwamba maneno hayafufui mtu. Akanyamaza wa pili akijiambia kwamba akisema, walinzi wote wa mji watafukuzwa, nao wana watoto. Visingizio havikumwishia. Nitamsema, ingawa ninamhurumia: aliogopa. Na hakuogopa jela. Alikuwa anaishi nyumba moja na mkwewe, mjane wa Kalamu.

Mkwe huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na tangu mumewe afe aliikanyaga kama mtu anayegombana nayo. Yeye ndiye pekee aliyekataa katakata.

"Mume wangu hakujaza kile kitabu," alisema siku lilipotoka gazeti, na akaendelea kusema kila siku. "Mimi nililala na yule mtu. Alikuwa ananisumbua na hicho kitabu mpaka kitandani. Ati wenzake wanajaza kabla, ati siku moja litawageukia. Sasa yeye ndiye ajaze? Mama, wewe unaamini?"

"Siamini, mwanangu," alijibu mkewe Shwari.

"Baba?"

"Mimi siamini," alisema Shwari. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma zaidi.

Mkwewe aliiandikia tume barua tatu. Ya tatu ikajibiwa: tume inatambua msiba wake, na endapo anao ushahidi wa kuthibitisha kwamba mwandiko si wa marehemu, auwasilishe kabla ya ripoti kamili. Akaanza kusaka mwandiko wa mumewe nyumba nzima, kwa kuwa vitabu vya zamani viliungulia kibandani. Alipata kadi moja ya harusi, na orodha ya vitu vya mtoto: nepi, beseni, sabuni. Akaviweka juu ya picha ya gazeti na kumwita baba mkwe aje aangalie.

"Ona hii 'h', Baba. Yake imelala, hii imesimama. Si tofauti hii?"

"Macho yangu, mwanangu," alisema Shwari. "Siyaamini siku hizi." Akatoka nje.

Kilichomwondoa pale kilikuwa ukuta. Serikali ilijenga ukuta wa jiwe jeusi mahali palipokuwa na foleni, na fundi wa mawe akachonga majina ya waliokufa. Familia ziliitwa kwenda kuyaona kabla ya uzinduzi. Walikwenda wote wanne, mtoto mgongoni. Mkwewe alipitisha kidole jina kwa jina, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akarudia tangu mwanzo kwa sababu alidhani ameruka. Majina yalikuwa hamsini na sita.

"La mlinzi tumeambiwa tusubiri ripoti kamili," fundi alisema, akiangalia patasi yake. "Nafasi nimeiacha, dada. Chini pale. Mimi sina neno, nafuata karatasi."

Mkwewe hakulia. Alikaa chini kwenye changarawe, akamweka mtoto mapajani, akaitazama ile nafasi. Mkewe Shwari ndiye aliyelia. Shwari alisimama nyuma yao, mikono mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alijiona alivyo: mtu anayemzika mwanawe mara ya pili, kwa kunyamaza.

Jumatatu iliyofuata aliaga kwamba anakwenda kupima presha, akaenda kwenye tume. Mashahidi wa ulinzi walisikilizwa faraghani, kwa sababu za usalama wa taifa, yaani kwa sababu wakubwa hawakutaka aibu yao isikike hadi barabarani. Siku hiyo Shwari alishukuru mlango kufungwa.

"Mzee, umekuja kwa hiari yako," alisema wakili wa tume, mtu mrefu mwenye mafua. "Una ushahidi gani?"

"Mwandiko, mheshimiwa. Ule wa kwenye gazeti. Ni wangu."

Wakili aliacha kupenga kamasi. Jaji aliinua uso.

"Una maana marehemu hakuandika?"

"Hata nukta. Nilimjazia mimi alfajiri, nikitoka zamu. Alikuwa na mtoto mchanga, hajalala. Nikaona nimsaidie."

"Na sahihi?"

"Nayo mimi. Herufi zake hizo nilimfundisha mimi alipokuwa mdogo. Sikushindwa kuziiga."

Walimpa karatasi na kalamu, wakamwambia aandike saa zote kumi na mbili, palepale, mbele yao. Aliandika. Hali shwari, hali shwari, mpaka mstari wa kumi na mbili, na mkono ule mjinga ulikwenda mbio bila kusita kama miaka yote, huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola. Karatasi ikapita mkono kwa mkono mezani. Hakuna aliyehitaji mtaalamu wa miandiko.

"Miezi minane, baba," jaji alisema taratibu. "Kwa nini hukuja mapema?"

"Naogopa nyumbani, mheshimiwa."

"Kughushi ni kosa la jinai. Sheria huiogopi?"

"Sheria itanifunga tu. Nyumbani wataniangalia."

Aliwaeleza yote: utaratibu, nani alimpokeza, alama za vema za wasimamizi, miaka thelathini na mmoja. Katibu aliandika mpaka akabadilisha kalamu. Walipomaliza, jaji aliuliza kama ana la kuongeza.

"Naomba nikione kitabu chenyewe. Kama hairuhusiwi, basi."

Waliruhusu. Mfanyakazi wa tume akakileta ndani ya mfuko wa nailoni, akamvalisha Shwari glavu. Karatasi ya kaki aliyokivika mwenyewe ilikuwa imegeuka nyeusi. Kitabu kilikuwa kimeungua pembeni, kisha kikaloweshwa na maji ya zimamoto, na kurasa nyeupe za nyuma ziligandana zikawa kitu kimoja. Wapelelezi walikuwa wamepiga picha kurasa zenye maandishi, wakaacha zilizobaki. Ukurasa mtupu hauna ushahidi. Ndivyo walivyofundishwa chuoni, nadhani.

Shwari hakuutazama ukurasa wa siku ile. Aliujua. Alikigeuza kitabu, akakifungua kwa nyuma. Hakuwa akitafuta siri yoyote. Alikumbuka tu kwamba Kalamu, kalamu ikikauka, huikwaruza ndani ya jalada la mwisho ili wino ushuke, na alitaka kuona mkwaruzo wa mkono wa mwanawe, hata wa wino mkavu, kwa sababu mbele kote mlikuwa na mkono wake yeye.

Jalada lilikuwa limeshikwa na ukurasa wa mwisho. Aliliachanisha polepole kwa kidole gumba. Ndani yake mlikuwa na maandishi, yamefifia kwa maji, herufi zimelala upande.

"Mheshimiwa," alisema. "Kuna kitu hapa."

Wakili alikuja, akainama, akasoma kwa sauti kwa ajili ya kumbukumbu, na kadiri alivyosoma alizidi kwenda taratibu.

"Saa tatu na dakika thelathini na tano. Gari jeupe la mizigo, halina namba mbele, limepita langoni mara ya tatu. Watu wawili ndani, hawashuki. Nimempigia msimamizi. Amesema niandike kitabuni. Kitabu kimejaa mpaka jioni. Naandika hapa."

Akainama zaidi.

"Saa tatu na dakika hamsini. Nimepiga tena. Hajapokea. Saa nne na dakika tano. Gari limerudi. Nawaondoa watu wa foleni, nafunga lango."

Shwari alikuwa bado ameshika kitabu. Alikuwa amefikia maneno manne, na hakuweza kuyapita. Kitabu kimejaa mpaka jioni. Aliona mwanawe kibandani, kalamu imetoka sikioni, gari jeupe linapita tena, anafungua ukurasa apate mahali pa kuweka alichokiona, na kila mstari anakutana na baba yake anamwambia hali shwari. Mfanyakazi wa tume alimshika bega akamketisha. Jaji aliahirisha kikao.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi ambayo serikali huwa nayo ikishaaibika. Rekodi za simu zikaonyesha ni kweli, msimamizi alipigiwa mara mbili. Akaitwa tena, na yeye ambaye awali alisema hakupokea chochote, sasa akakumbuka. Kwa nini alimwambia aandike kitabuni? Kwa sababu ndivyo tunavyosema siku zote, alijibu, na hakudanganya. Mama mmoja aliyeokoka akatambua picha: huyu ndiye aliyetufokea turudi nyuma, nikamtukana, nikadhani anatuvuruga foleni. Kwa kuwa alikuwa ameshawarudisha nyuma baadhi yao, tume ikakadiria, watu thelathini zaidi walipona.

Shwari alirudi nyumbani siku ile akasema presha iko juu. Walimwekea maji ya kuoga. Alikusudia kusema baada ya chakula, kisha kesho, kisha Ijumaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, naye msemo huo aliujua tangu utotoni, lakini kuujua msemo na kuufuata ni safari mbili. Kampuni ilimstaafisha kimya kimya. Mashtaka hayakuletwa, jaji aliandika kwamba ameadhibiwa na mwenye uwezo zaidi.

Ripoti kamili ilitoka mtoto akiwa na mwaka na miezi miwili, anatembea kwa kushika kuta. Ilikuwa na juzuu tatu. Palikuwa na sheria mpya ya usalama, kituo kimoja cha kupokea taarifa za idara zote, na namba ya simu ambayo mlinzi yeyote angeweza kupiga bila kupitia kwa msimamizi. Vitabu vya lango vilifutwa. Kila kibanda kingepata kifaa cha kubonyeza kila saa, kisichokubali kubonyezwa kabla ya wakati. Kila familia ililetewa nakala kwa mkono, na mjumbe aliyeleta ya kwao alivua kofia mlangoni. Alisema fundi wa mawe ameshapewa karatasi.

Mkwewe alifuta meza ya cherehani, akaweka juzuu ya pili juu yake, akafungua palipowekwa alama. Mkewe Shwari alivuta kiti. Shwari alikaa kwenye kochi, mjukuu amesimama magotini mwake, anamvuta kifungo cha shati.

"'Aya ya mia mbili na kumi na moja,'" alisoma mkwewe. "'Tume inafuta kauli yake ya awali. Mlinzi wa lango aliitambua hatari dakika thelathini na tatu kabla ya shambulio, akaitolea taarifa mara mbili, akaiandika, na alikufa akitimiza wajibu wake.'" Aliinua uso, machozi yanatiririka, anacheka. "Mama, umesikia? Akaiandika! Si niliwaambia? Si niliwaambia huyu mtu anaandika?"

"Ulituambia, mwanangu. Ulituambia."

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Shwari. "Soma mbele."

"Imetosha hii, Baba, hii nitaiweka kwenye fremu."

"Soma mbele, mwanangu."

Alifuta macho kwa kiganja, akasoma. "'Aya ya mia mbili na kumi na mbili. Maandishi hayo hayakuonekana mapema kwa kuwa yaliandikwa ndani ya jalada. Marehemu hakuwa na mahali pengine. Mistari yote ya siku hiyo ilikuwa imejazwa alfajiri na mlinzi wa zamu ya usiku, ambaye ni…'"

Alisimama hapo. Mdomo wake uliendelea kusoma bila sauti, mpaka mwisho wa aya, ukarudi juu, ukasoma tena. Mkewe Shwari aligeuza shingo akamtazama mumewe, akatazama mkono wake wa kulia, ule uliomshika mtoto kiunoni.

Shwari alikuwa amejiandaa kwa kelele. Miezi yote alikuwa amejipangia majibu: kwamba alimhurumia, kwamba kila mlinzi anafanya, kwamba alikuwa anasinzia, kwamba shati lake lilikuwa limefungwa mshazari. Lakini mkwewe hakupiga kelele. Alifunga juzuu, akaja akamchukua mtoto kutoka magotini mwake, bila kumnyang'anya, kwa upole kabisa, na akasimama naye mbele yake.

"Baba," alisema. "Ungemwachia hata mstari mmoja."